Namba Mia Mbili na Arobaini

Loretta Dudek alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa gari la kuondoa theluji katika kaunti nzima, na kwa miaka sita ya mwanzo alikuwa wa pekee. Gari lake lilikuwa namba saba, la rangi ya machungwa, na bapa la chuma lililofungwa mbele yake lilikuwa pana kuliko jiko la nyumba yake. Siku alipoanza kazi, madereva wenzake waliwekeana dau kwamba hatamaliza Desemba. Akaimaliza, na baada ya hiyo akamaliza nyingine kumi na moja, na baadhi ya wale walioweka dau walishakwenda nyumbani kuuguza migongo.

Alikuwa mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyezoea kubeba, na alikuwa na tabia ya kucheka kabla hajamaliza kusema jambo la kuchekesha, kiasi kwamba mara nyingi watu walicheka naye bila kulijua jambo lenyewe. Lakini ukifika Farnley, mji ule mdogo kusini mwa Buffalo, ukalitaja jina lake, watu hawatakusimulia habari za theluji. Watakusimulia habari za kadi.

Kadi zenyewe ni zile za wachezaji wa besiboli, ambazo zamani zilitiwa ndani ya pakiti za chingamu ili watoto wazililie. Mwaka 1953, Loretta akiwa na miaka minane, zilitoka kadi mia mbili na arobaini, kila moja na picha iliyochorwa kwa mkono. Baba yake alifanya kazi kwenye tanuru za chuma huko Lackawanna, na kila Ijumaa alirudi na pakiti moja kwa kila mtoto. Kaka zake walizibana zao kwenye spoku za baiskeli ili zilie kama pikipiki. Loretta alizipanga zake kwa namba, akazitia kwenye kopo la biskuti, akazihifadhi chumba cha chini ya nyumba. Majira ya kuchipua ya mwaka uliofuata maji yaliingia chumba kile, na kopo lilipofunguliwa ndani mlikuwa na uji wa karatasi.

Hakulia. Ila alikumbuka, na kukumbuka kwa Loretta kulikuwa ni jambo zito. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1974, akipita mbele ya nyumba ya watu waliokuwa wakiuza vitu vyao vya zamani uani, aliona sanduku la viatu. Ndani yake mlikuwa na kadi sitini na moja za mwaka ule ule. Alilipa bila hata kuuliza bei ya pili, akaenda nazo nyumbani amezipakata, akamwambia mumewe Norbert kwamba atazikusanya zote.

"Zote ngapi?" Norbert akauliza.

"Zimebaki mia na sabini na tisa."

Norbert, ambaye alikuwa mchinja nyama na aliujua uzito wa kila kitu kwa macho, alimtazama mkewe akaona hapa hakuna mjadala.

Ilimchukua miaka kumi na minne kufika mahali ambapo amebakiza kadi moja tu ya kutafuta. Nayo ilikuwa namba mia mbili na arobaini, Virgil Hadrick, mchezaji wa Cleveland aliyeupiga mpira kwa misimu kumi na minne kana kwamba ulimtukania mama yake. Kadi hiyo ilikuwa ngumu kupatikana kwa sababu ambayo kila aliyewahi kuwa mtoto ataielewa. Watoto walizipanga kadi kwa namba, wakazifunga kwa ukanda wa mpira. Namba moja ikakaa juu, namba ya mwisho ikakaa chini kabisa, na hiyo ya chini ndiyo iliyoburuzwa mezani, ikamwagikiwa maziwa, ikakatwa na ukanda ule, ikatafunwa na mbwa. Za katikati zilizeeka kwa raha. Loretta alikuwa ameshaziona Hadrick kumi na mbili katika maisha yake, na kumi na moja kati ya hizo zilifanana na kitu kilichookotwa barabarani.

Ile ya kumi na mbili ilikuwa na Sal Ventresca.

Sal alikuwa mchuuzi wa kadi kutoka upande wa Rochester, mtu mnene mwenye kofia ya manyoya, aliyezunguka na gari lake dogo la mizigo kila mwisho wa wiki, leo ukumbi wa kanisa, kesho ukumbi wa zimamoto, akipanga kadi zake kwenye meza ya kukunja. Hadrick yake ilikuwa na pembe nne nzima, kali kama ilitoka mashineni juzi. Novemba ya mwaka 1988 aliitaka dola mia tatu na hamsini. Loretta akampa mia tatu. Sal akakataa, wakaagana kwa wema.

Sasa, mtu asiyejua atasema Loretta alifanya ubahili. Haikuwa hivyo. Miaka ile bei za kadi zilikuwa zimepagawa. Watu ambao hawakuwahi kutafuna chingamu maishani mwao walinunua kadi kwa maboksi na kuzifungia benki. Magazeti yaliandika kwamba kadi kuukuu zinalipa kuliko hisa. Kila mwezi kilitoka kitabu cha bei, na pembeni mwa kila kadi iliyopanda kilichora mshale unaotazama juu, na wachuuzi walikiamini kitabu kile kuliko walivyowaamini wake zao. Kikitoka asubuhi, bei mezani zimebadilika mchana.

Na Loretta alikuwa ameshaungua mara mbili. Mara ya kwanza, mwaka 1980, aliona bei zinapanda akashikwa na kiwewe, akanunua kadi namba moja kwa fedha aliyokuwa ameitunza kwa ajili ya tanuri jipya la kupashia nyumba moto. Miezi minane haikupita kadi ileile ikawa inauzwa nusu ya bei, na wao wakawa wanalala na soksi. Mara ya pili, mwaka 1984, akajifanya ameerevuka. Akakataa kununua kadi ya mdakaji mmoja mashuhuri, akasema itashuka. Haikushuka. Ilipanda mpaka akaja kuilipia mara tatu ya ile bei aliyoikataa. Haraka ilimwadhibu, subira nayo ikamwadhibu, na kwa muda mrefu hakujua amsikilize nani.

Alichokuja kukigundua, alikigundua polepole, akiwa amesimama na kikombe cha kahawa pembeni mwa kumbi zile. Aliacha kutazama kadi, akaanza kuwatazama watu. Aliona kwamba kadi moja huwa na bei tatu kwa siku. Asubuhi mlango ukifunguliwa, wanunuzi wakiwa wanasukumana, mchuuzi ni mfalme. Mchana anakuwa diwani. Jioni, miguu ikimuuma na meza ikiwa bado imejaa, anakuwa binadamu. Aliona pia kwamba majira ya joto kila mwanaume anaukumbuka utoto wake, na kwamba Januari anakumbuka bili ya gesi.

Kwa hiyo Novemba aliondoka kwenye meza ya Sal bila wasiwasi. Januari nitarudi, alijiambia.

Januari ilipofika, wiki ya pili tu, magazeti yakatangaza kwamba Virgil Hadrick, baada ya kunyimwa miaka mingi, amepigiwa kura kuingia katika Ukumbi wa Magwiji wa besiboli. Sal akaitoa kadi yake mezani, akaifuta vumbi ambalo halikuwapo, akairudisha na kibandiko kipya. Mia sita.

Maonyesho ya kadi ya Farnley yalikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ukumbi wa zimamoto. Alhamisi yake, Norbert alikuwa jikoni akikata soseji za kupika na kabichi.

"Utakwenda Jumamosi?" akauliza.

"Nikitoka zamu."

"Kununua au kulia?"

"Itategemea na Sal."

"Mke wangu, sikiliza. Novemba ilikuwa mia tatu na hamsini, ukasema ghali. Leo ni mia sita. Ukingoja mpaka Pasaka itakuwa bei ya paa. Nunua, yaishe, tupumue."

"Norb, wiki hii kila mtu amesoma jina la Hadrick gazetini. Mama yako kanipigia simu jana kuniuliza Hadrick ndiye nani. Kitu mama mkwe akishakisikia, wewe mnunuzi umechelewa."

"Basi usinunue. Ngoja homa ishuke."

"Na kitabu cha bei kinatoka tarehe tisa mwezi ujao. Wakishaichorea mshale, Sal hatashuka tena mpaka azikwe."

Norbert akaweka kisu chini. "Yaani wiki hii ni mapema mno, na mwezi ujao umeshachelewa."

"Hapo umenielewa kuliko nilivyojielewa mwenyewe," Loretta akasema, akaanza kucheka, na Norbert naye akacheka ingawa hali yenyewe haikuchekesha.

Wakakaa mezani wakala. Katikati ya kula Loretta akasema, "Mia tano. Hiyo ndiyo thamani yake kwangu, kitabu kiseme kisemavyo. Ikifika mia tano na moja, nageuka naondoka, na sitaiulizia tena." Akaenda chumbani, akarudi na bahasha yenye hiyo mia tano, akaitia mfuko wa ndani wa koti lake la kazi.

"Na daktari wako wa meno?" Norbert akauliza.

Hilo ndilo swali ambalo Loretta alikuwa hataki kuulizwa. Dakta Harlan Pruitt wa Orchard Park alikuwa na Hadrick tatu tayari, zote zimefungiwa benki, na alitaka ya nne kwa sababu tu ilikuwapo. Alikuwa mtu wa kupendeza sura, mwenye meno kama alama ya biashara yake, na kila akikutana na Loretta alimuuliza kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima, "Bado tunasubiri, Bi Dudek?" Safari hii alikuwa amemwambia kila mtu kwamba Jumamosi saa tatu asubuhi, mlango ukifunguliwa, atakuwa mbele ya meza ya Sal na mia sita taslimu. Na gari lake, alisema, linavuta kwa magurudumu yote manne, hakuna theluji ya kulizuia.

Baridi ya mwaka ule ilikuwa laini, na Ziwa Erie lilikuwa halijaganda. Watu wa kule wanajua maana yake. Upepo baridi ukipita juu ya maji yaliyo wazi huyanyanyua na kuja kuyamwaga nchi kavu yakiwa theluji, na humwaga kwa mstari mwembamba, hapa theluji ya mita mbili, kule jua linawaka. Ijumaa jioni mstari ule ulikuja kusimama juu ya Farnley.

Jumamosi alfajiri simu ililia nyumbani kwa akina Dudek. Alikuwa Chet Malloy, msimamizi wa karakana.

"Loretta, njoo. Njoo sasa hivi. Ukichelewa utashindwa hata kuufungua mlango."

Saa kumi na mbili alikuwa barabarani. Theluji ilikuwa inaanguka kwa unene ambao hata taa kali za gari ziliiangazia ikawa ukuta tu. Alikwenda kwa kukumbuka zaidi kuliko kuona: hapa kuna daraja, hapa kuna sanduku la barua la mzee Kessler, hapa barabara inapinda. Saa moja polisi wakatangaza redioni kwamba barabara zote zimefungwa, haruhusiwi mtu isipokuwa wa dharura. Loretta alisikia, ila akili yake ilikuwa kwingine. Kila alipotazama saa ya gari aliona mkono wa Dakta Pruitt ukihesabu noti. Saa mbili na nusu. Saa tatu kasoro robo. Saa tatu ilipopiga alikuwa juu ya kilima cha makaburi akisukuma lundo la theluji lililofika kwenye kioo, na akajisemea kwa sauti, "Haya, imekwenda." Alikuwa na miaka arobaini na minne, amekaa peke yake ndani ya lori, anataka kulia kwa ajili ya kipande cha karatasi ngumu, na alijua hivyo, na kujua hakukumsaidia kitu.

Saa nne na nusu sauti ya Chet ikatoka kwenye redio ya gari.

"Namba saba, uko wapi?"

"Makaburini."

"Hujafa lakini?"

"Bado. Sema."

"Zimamoto Farnley wamefukiwa. Gari lao haliwezi kutoka hata nyumba ikiungua. Nenda kawafungulie uwanja. Halafu upumzike nusu saa, umeendesha mno, sitaki kuandika ripoti."

Loretta akaliangalia lile bapa lake, akaiangalia barabara, akageuza.

Uwanja wa zimamoto ulikuwa umejaa vilima vya theluji vilivyopangika kwa safu, na ilimchukua muda kutambua kwamba kila kilima kilikuwa gari. Wachuuzi walikuwa wamefika Ijumaa mchana, wakapanga meza zao, wakalala hoteli ya jirani, asubuhi wakaja kwa miguu wakishikana mikono. Loretta akafungua njia ya gari la zimamoto kwa mizunguko sita, akaacha zege likionekana, akazima injini, akashuka. Alitembea kwa shida, miguu imekufa ganzi. Akausukuma mlango wa ukumbi.

Ndani mlikuwa na meza ishirini na mbili zimepangwa vizuri, taa zote zinawaka, na wachuuzi ishirini na wawili. Mnunuzi hakuwapo hata mmoja. Baadhi walikuwa wanacheza karata. Mmoja alikuwa amelala, uso juu ya kitabu cha bei. Chapati za maji zilizokuwa zimekaangwa kwa ajili ya watu mia tatu zilikuwa zimerundikwa jikoni, na mama mpishi alikuwa anawabembeleza wachuuzi waongeze kula.

Wote wakainua vichwa. Walimwona mtu mfupi, ovaroli ya machungwa, nyusi nyeupe kwa barafu.

"Barabara zimefunguliwa?" mmoja akauliza kwa matumaini.

"Hazijafunguliwa," Loretta akasema. "Niko peke yangu."

Macho yake yalikuwa yanamtafuta Dakta Pruitt. Hakumwona. Ndipo, akiwa amesimama pale barafu ikimdondoka sakafuni, kitu kikamfungukia kifuani. Polisi walifunga barabara saa moja. Orchard Park ni mbali. Magurudumu manne au arobaini, hakuna aliyepita mbele yake asubuhi ile, kwa sababu barabara aliifungua yeye.

Hakukimbilia meza ya Sal. Alikwenda jikoni kwanza, akaomba kahawa na chapati mbili, akazimwagia asali ya mti wa mepo, akala amesimama. Kisha akatembea taratibu, kikombe mkononi, akipita meza moja moja kama mtu asiye na haja. Sal alikuwa amekaa nyuma ya meza ya mwisho, kofia ya manyoya imemshuka mpaka kwenye nyusi.

"Loretta," akasema. "Niambie kuna watu nyuma yako."

"Kuna bata wawili. Nao wamekwama."

Hadrick ilikuwa pale, ndani ya plastiki ngumu, pembe nne nzima. Loretta hakuigusa.

"Bado mia sita?"

"Mia sita. Umesoma gazeti? Ukumbi wa Magwiji, dada yangu!"

"Nimesoma. Mama mkwe wangu pia kasoma. Mia nne."

Sal akashika kifua. "Mia nne! Umekuja kunisaidia au kunimaliza? Meza hii nimelipia, hoteli nimelipia. Jumatatu natakiwa niwe Syracuse na fedha mkononi, kuna familia inauza sanduku zima, wananingoja mimi. Tangu asubuhi nimeuza kadi moja, tena kwa huyu bwana wa jirani, naye kanilipa kwa sandwichi."

"Sandwichi ya nini?"

"Ya mayai."

"Basi hujakosa sana."

Sal akajikaza asicheke, akashindwa. "Mia tano na sitini. Kwa sababu umekuja na mabuti."

Loretta akanywa kahawa. Wachuuzi wa meza za karibu walikuwa wameacha karata. Ndipo simu ya ukutani ikalia, na mama mpishi akaita, "Sal Ventresca! Daktari wa meno anakutaka!"

Kikombe cha Loretta kilisimama hewani. Sal akainuka, akaenda, akaiweka simu sikioni, na kwa kuwa Dakta Pruitt alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuongea na watu wasioweza kujibu, nusu ya ukumbi ilimsikia. Gari lake lilikuwa limekwama mbele ya mlango wa nyumba yake mwenyewe. Aliitaka kadi iwekwe pembeni mpaka barabara zifunguliwe.

"Kwa mia sita?" Sal akauliza.

Sauti ikacheka kidogo. Ikasema, "Hali imebadilika, Sal, tuelewane. Hapo ulipo huna mteja. Mimi nitakupa mia tatu na hamsini, ile bei yako ya Novemba, na unishukuru."

Sal aliirudisha simu ukutani kwa upole wa kutisha, akarudi mezani, masikio mekundu.

"Nimshukuru!" akasema. "Umemsikia? Miaka tisa namuuzia yule mtu. Nimshukuru!"

"Nimemsikia," Loretta akasema.

Hapo angeweza kumbana. Mle ndani kila mtu aliliona hilo, na Sal mwenyewe aliliona, akakaa kitini kama mtu anayesubiri kupigwa sindano. Loretta alikuwa na mia tano kifuani na mbele yake mtu ambaye angekubali mia nne, pengine pungufu. Akafikiri kidogo. Alitaka kadi, na alitaka pia siku ile aikumbuke kwa furaha bila doa. Akaweka kikombe chini.

"Sal, mteja unaye. Amesimama hapa, anadondosha maji kwenye viatu vyako. Mia nne na sabini, taslimu, sasa hivi. Na saa kumi nikitoka zamu, narudi na koleo la mkono, nalichimbua gari lako mimi mwenyewe, uondoke mapema ukawahi Syracuse."

Sal akamtazama. Akalitazama dirisha, ambako gari lake lilikuwa kilima cha tatu kutoka kushoto.

"Na matairi utayafungulia njia mpaka barabarani?"

"Mpaka barabarani."

"Mia nne na themanini."

"Sal."

"Haya, mia nne na sabini! Chukua! Chukua kabla sijafikiri!"

Loretta akavua glovu, akafungua koti, akatoa bahasha. Sal akaifuta ile plastiki kwa kitambaa, safari hii kwa heshima ya kweli, akamkabidhi kwa mikono miwili. Mchuuzi mmoja akaanza kupiga makofi, mwingine akafuata, yule aliyekuwa amelala akaamka na kupiga bila kujua anapigia nini, na mama mpishi akatoka jikoni na mwiko akishangilia kama yuko uwanjani.

"Ngapi hizo sasa?" Sal akauliza.

"Zote," Loretta akasema. Akalirudia neno lile, kwa sababu alikuwa hajawahi kulitumia. "Zote."

Akapanda gari lake, kadi imelala mfuko wa ndani, zipu imefungwa mpaka kidevuni. Akashika kipaza sauti cha redio.

"Namba saba hapa. Uwanja wa zimamoto uko wazi. Na nimeipata mia mbili na arobaini. Narudia, nimeipata mia mbili na arobaini."

Chet akajibu, "Namba saba, redio hii ni ya kazi." Halafu akaongeza, "Kwa ngapi?"

"Mia nne na sabini."

Redio ikalipuka. Madereva kumi na wanne, waliotawanyika kaunti nzima ndani ya ukungu mweupe, walikuwa wanapiga honi.

Saa kumi alirudi na koleo kama alivyoahidi. Alichimba saa nzima, Sal akimsaidia kwa kipande cha boksi na maneno mengi, na gari lilipotoka wakakumbatiana.

Dhoruba ilidumu mpaka Jumapili. Tarehe tisa kitabu cha bei kikatoka, na pembeni mwa Virgil Hadrick palikuwa na mshale, na bei ilikuwa mia saba na ishirini na tano. Norbert alikinunua kituo cha mafuta, akakisoma kwa sauti duka zima la nyama, kwa wateja waliotaka kusikia na wasiotaka. Jioni ile Dakta Pruitt akapiga simu.

"Bi Dudek, tuongee kama watu wazima. Mia tisa."

"Daktari," Loretta akasema, tayari ameshaanza kucheka, "nimehangaika miaka kumi na minne kupata jino langu la mwisho. Leo ndiyo unataka kuling'oa?"

Jumapili iliyofuata hakuwa na zamu. Jua lilikuwa limetoka na theluji uani ilikuwa inang'aa mpaka inaumiza macho. Loretta akasogeza viti, akakunja zulia, akapiga magoti sakafuni, akaanza kuzipanga kadi, ishirini kwa kila mstari, kuanzia mlango wa mbele. Mistari kumi na miwili. Rangi zile zilizochorwa kwa mkono ziliiva kwa mwanga wa dirishani, sura za wanaume waliokufa na wazee wa leo, wote vijana, wote wanatazama mbali kidogo. Mia mbili thelathini na nane. Mia mbili thelathini na tisa. Akaitoa Hadrick kwenye plastiki kwa ncha za vidole, akaiweka mahali pake, akainuka taratibu akiegemea ukuta.

Alikuwa bado amesimama pale Norbert alipofungua mlango wa mbele, anatoka kanisani, mikononi ana kifurushi cha mkate. Akainua mguu, akaona sakafu, akaubakiza mguu hewani.

"Loretta, nipitie wapi?"

"Zunguka nyuma."

"Theluji kule inafika kiunoni!"

"Koleo liko gereji, mume wangu."

Norbert akazitazama kadi kwa muda mrefu, mstari kwa mstari, mpaka akaifikia ile ya mwisho kule mlangoni mwa jikoni. Akaurudisha mguu wake nje, akaufunga mlango polepole ili upepo usiingie, na Loretta akamsikia akizunguka nyumba, akichimba njia yake huku akipiga mluzi.